Vumbi la Ruiri, Tangazo la Kimeru

Jumatatu, 3 Februari
Ruiri tena. Viatu vyeupe kwa vumbi, koo linawasha. Kinu cha kokoto kinasaga mchana kutwa karibu na vijumba vya Waturkana. Akiru, anayeuza makaa hapo, amenionyesha mwanawe Ekai, miaka mitatu. Anakohoa mpaka anatapika. Zahanati inampa dawa, anarudi kulala kwenye vumbi lilelile. Sasa kampuni yenye kinu inataka kuchimba mawe hadi mlangoni kwao. Wakipinga kwenye baraza la Jumanne ijayo, itazuiwa. Wako tayari. Nimekasirika hadi nikashindwa kula.

Alhamisi, 6 Februari
Ripoti yangu imeenda hewani redioni saa saba. Nzuri, hata kama najisifu. Nimemalizia na tangazo: baraza si Jumanne tena, ni Jumamosi hii. Kampuni imebadilisha, wajanja hao. Kimeru safi! Mama amepiga simu kutoka Githongo kunipongeza.

Jumamosi, 8 Februari
Hakuna hata Mturkana mmoja! Wenye malori ya kokoto, Wameru wenzangu, wamejaa viti vya mbele, soda mkononi. Ikaulizwa: nani anapinga? Nikasimama. Nikaambiwa mimi si mkaaji wa hapa, nikae. Ikaandikwa: hakuna pingamizi. Nimewalaani Akiru na wenzake njia nzima. Nimewapigania, wao wamelala!

Jumapili, 9 Februari
Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Akiru, na hasira zangu. Amenishangaa. "Si baraza ni Jumanne, dada?" Nikamwambia nilitangaza redioni. "Tulikusikia. Tukanyamazisha watoto. Lakini ulisema Kimeru."

Mjinga mimi. Mjinga kabisa! Miezi minne naongea nao Kiswahili, halafu jambo la maana nawapa kwa lugha ya wenye malori. Wao walielewa kila neno. Kampuni haikuhitaji kuificha tarehe, nimeificha mimi.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeomba kurudia ripoti kwa Kiswahili. Mhariri amekataa: wasikilizaji wetu ni Wameru. Kwani Ekai anakohoa kwa lugha gani? Nimebamiza mlango. Barua yangu ya pingamizi imerudishwa pia. Eti muda umepita.

Jumanne, 18 Februari
Tingatinga la kampuni limeanza kazi. Akiru alikuwa anang'oa mabati ya kijumba chake ahame. Ameniomba nimwambie nilichosema ile siku redioni. Nimemwambia yote kwa Kiswahili, polepole, jina la Ekai likiwemo. Amesikiliza hadi mwisho.

"Ulisema vizuri, dada."

Kisha ameniomba nishike upande ule mwingine wa bati.