Kamba ya Mwalimu Simiyu

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma fizikia nikiwa juu ya magunia tena. Waya wa simu kwenye sikio moja, sikio la pili nimewaachia wenye malori. Dkt. Moraa alikuwa anaeleza kwamba uzito na tungamo si kitu kimoja. Mimi nimepima mahindi hapa Kitale miaka tisa na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikatamani kuuliza swali. Lori likapiga honi. Nikazima kamera, nikashuka kwenye mizani.

Niliporudi, darasa lilikuwa limekwisha.

Ni kozi ya mtandaoni, fizikia ya wanaoanza. Hesabu ni chache. Dkt. Moraa anataka tuelewe kwanza mambo yanavyokwenda, kukokotoa kutakuja baadaye. Nikipata cheti nitaomba nafasi ya kusomea ukaguzi wa mizani. Fizikia niliiacha kidato cha pili nikidhani nimeponea. Imenifuata hadi stoo.

Tumepangwa wawili wawili. Mwenzangu ni Mwalimu Simiyu wa Bokoli, mtu wa miaka hamsini na kitu. Mtandao wake ni wa kubahatisha na simu yake ni ya zamani. Tumekubaliana anipigie picha kazi yake, anitumie kwa WhatsApp, mimi niichape na kuipandisha kwenye tovuti pamoja na yangu. Ananiita dada. Hajachelewa hata mara moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumepewa jaribio. Funga kitu kwenye kamba, kiache kibembee, hesabu mibembeo ishirini na upime muda kwa simu. Badilisha uzito. Kisha badilisha urefu wa kamba. Halafu useme ni kipi kinachobadilisha muda. Kila mtu apime mwenyewe, Dkt. Moraa alirudia mara mbili. Mwisho ni Jumatano.

Mimi ningeapa kwamba kitu kizito hubembea haraka zaidi. Tutaona.

Jumapili, 9 Novemba

Sijapima. Nilipanga kupima leo baada ya kanisa. Bosi akapiga simu kabla hata ya baraka: mawingu, mahindi yamelala nje kwenye turubai, mko wapi. Tukakimbia na nguo za Jumapili. Mvua haikunyesha. Viatu vimeharibika bure.

Simiyu ametuma kurasa zake mbili. Mistari ameipiga kwa rula. Amechora hata picha ya kamba ikining'inia. Chini ameandika, "Dada, hii kitu ni tamu ajabu, nimerudia mara kumi." Nikajibu kwa kidole gumba.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya ujinga, naandika kabla sijaanza kujitetea.

Malori kumi na moja tangu asubuhi. Ilipofika saa sita sikuwa nimefunga hata uzi. Nikafungua kurasa za Simiyu ili niichape kazi yake. Badala yake nikachapa yangu. Namba zake, nikachezea nukta za mwisho tu. Yeye alitumia kufuli, jiwe na chupa ya maji. Mimi nikaandika kwamba nilitumia mawe ya mizani ya kilo moja, mbili na tano. Inaonekana vizuri hivyo. Ya kitaalamu.

Kumbe uzito haubadilishi chochote. Kufuli, jiwe, chupa, zote sekunde arobaini au karibu na hapo. Nilitakiwa nishangae. Mtu wa mizani kama mimi! Sikushangaa, nilikuwa nakimbizana na saa.

Yangu nimeipandisha saa saba. Yake saa kumi na moja, maana nilisahau.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku njema. Mahindi makavu, madereva wapole. Nimejiambia wanafunzi wote hufanya hivyo.

Jumanne, 18 Novemba

Barua pepe kutoka kwa Dkt. Moraa, kwetu sote wawili. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Anasema kamba ya sentimita tisini haiwezi kuchukua sekunde arobaini kwa mibembeo ishirini. Inatakiwa iwe kama thelathini na nane. Muda wetu ni wa kamba inayokaribia mita moja. Mtu mmoja akikosea hivyo ni bahati mbaya. Sisi tumekosea wawili, kosa lilelile, katika kila urefu. Kazi yangu mimi Wanjiru iliingia kwanza, kazi ya Simiyu saa nne baadaye. Anataka maelezo Alhamisi, kwa video.

Sikujua kulikuwa na kosa. Mtu akiiba namba hajui hata alichoiba.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimedanganya. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Simiyu alikuwa anaingia na kutoka kwenye mkutano. Uso wake unaganda, anapotea, anarudi akisema, "Haro, haro, mnanisikia?" Hatukumsikia zaidi ya hapo. Dkt. Moraa akanigeukia mimi. Ulipima mwenyewe? Nikasema ndiyo. Ulimwonyesha mwenzako namba zako? Hapo ningeweza kusimama. Nikasema, kazi zote mbili hupitia kwenye simu yangu, labda aliona.

Labda aliona! Mtu ambaye hawezi hata kufungua tovuti.

Uamuzi umetoka kabla sijakunja waya wa simu. Simiyu amepewa sifuri na hatafanya mtihani wa Desemba. Mimi nimeonywa nisiwaonyeshe wengine kazi yangu.

Huyu mtu ameajiriwa na wazazi wa shule, si serikali. Alinieleza siku ya kwanza tulipojuana. Mwalimu mkuu amemwambia asipoleta cheti cha sayansi kufikia Januari, vipindi vya gredi ya saba atapewa mwingine. Na vipindi hivyo ndivyo kazi yake yote. Nilijua haya nikiwa nasema labda aliona.

Ijumaa, 21 Novemba

Amenipigia. Nilidhani atanitukana, nikaweka simu mbali kidogo na sikio.

Ameomba msamaha. Yeye! Ati simu yake mbovu imeniletea aibu. Anadhani picha zake ziliingia kwa jina langu kwa bahati mbaya, mashine ikachanganya. "Wewe ni mtu wa mizani, dada, huwezi kukosea vile mimi nimekosea." Sifuri ameikubali. Kinachomsumbua ni kosa lenyewe. Amepima tena jana, imetoka arobaini tena. Ameniomba nije Bokoli nikipata nafasi, nimwangalizie anapokosea. Mwalimu wa sayansi hawezi kuwa na kosa nyumbani asilolijua, alisema.

Nikasema nitakuja kesho. Sijui kwa nini. Labda nilidhani nikimwona nitasema.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefika Bokoli saa nne. Alikuwa ananingoja barabarani akiwa amevaa tai.

Kamba iko jikoni, imefungwa kwenye boriti, nyeusi kwa moshi. Kufuli linaning'inia. Akanionyesha anavyoachia, bila kusukuma, anavyohesabu kwa Kiingereza kwa sauti ya darasani. Arobaini. Nikamwuliza urefu alipima na nini. Akacheka. Hakupima. Ni kamba yake ya kupandia mahindi, ile yenye mafundo ambayo watu huivuta shambani ili mashimo yakae sawa. Fundo hadi fundo ni sentimita thelathini, kila mkulima anajua. Mafundo matatu, tisini.

Nilikuwa na futi ya chuma ya stoo kwenye mkoba. Nikaishikilia kando ya kamba.

Fundo hadi fundo, thelathini na tatu. Yote matatu, tisini na tisa.

Kamba imevutwa kwenye udongo wenye maji misimu minane. Imerefuka. Simiyu aliitazama futi, akaitazama kamba, akapiga paja. "Kumbe! Si ndiyo maana jirani ananishinda magunia kila mwaka! Mahindi yangu yamekuwa yakisimama mbali bana!" Akamwita mkewe, Mama Nafula, aje aone. Akacheka hadi akatoa machozi. Hakuwa na furaha ya kupata alama. Alikuwa na furaha ya kujua.

Mimi nilikuwa nimesimama na ile futi. Kosa hili liko kwenye kamba moja tu duniani, na kamba hiyo iko jikoni Bokoli. Mtu yeyote akiiona atajua namba zilitoka wapi. Yeye hakuwaza hilo hata kidogo.

Nikapiga picha, futi na kamba. Nikamwambia ni ya kumbukumbu.

Wamenichinjia kuku. Kwao firigisi ni ya mwenye boma, mwanamke haigusi. Simiyu akaichukua kwa vidole akaiweka kwenye sahani yangu. "Leo wewe si mgeni. Wewe ni mwalimu mwenzangu, umenifungua macho." Mama Nafula akashtuka, kisha akacheka akiziba mdomo. Watoto walinitazama kuona kama nitaila.

Nimeila.

Nilikuwa na nafasi kabla ya chakula, wakati wa chakula, na njiani aliponisindikiza. Nafasi tatu. Nimerudi Kitale na siri yangu na tumbo limejaa.

Jumapili, 23 Novemba

Leo ilikuwa meza ya Bwana. Nimekaa kwenye benchi, sikwenda mbele. Mama ameniuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Ninajichukia. Si kwa sababu ya namba. Namba ningeweza kuzieleza, kazi, malori, mvua. Ile labda aliona ndiyo siwezi kuieleza kwa mtu yeyote, hata kwenye daftari hili.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeandika. Saa ya chakula, nimekaa kwenye ngazi ya mizani, watu wakipita na makoleo.

Barua yenyewe ni fupi. Sikupima chochote. Namba zote ni za Simiyu, alinitumia akiniamini. Niliwahi kupandisha yangu kabla ya yake. Nilichosema Alhamisi ni uongo. Kamba yake ilikuwa imerefuka, picha ni hii. Nikaondoa sentensi iliyosema nilikuwa na kazi nyingi. Nikairudisha. Nikaiondoa. Nikatuma.

Ikabaki kumwambia Simiyu mwenyewe. Nilitaka Dkt. Moraa amwambie, ndio ukweli. Lakini nikapiga.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nikasikia kengele ya shule kwao na watoto wakitoka mbio.

"Kwa hivyo Jumamosi ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Ukakaa kwangu, ukakula."

Nilitaka atukane. Mtu akitukana unapata pa kushika.

"Sawa, madam," akasema, akakata.

Madam. Tangu Septemba nimekuwa dada.

Jumanne, 25 Novemba

Sikuingia darasani. Nimempelekea ujumbe wa kumwomba msamaha, mrefu, na aya tatu. Umesomwa. Hajajibu. Niliposoma tena nimeona nimejitaja mimi mara ishirini na yeye mara nne. Ningeweza kuufuta lakini tayari ameusoma.

Bosi amenikemea kwa kuandika gunia mara mbili. Alikuwa na haki.

Jumatano, 26 Novemba

Dkt. Moraa amejibu. Simiyu amerudishiwa alama, kasoro mbili za urefu wa kamba. Amesifu jinsi alivyohesabu muda. Kuhusu mimi: sifuri, nimetolewa kwenye kozi, barua itakaa kwenye faili yangu. Naweza kuomba upya mwakani na watafikiria. Mwisho ameandika kwamba amesikitika, kwa sababu maswali yangu darasani yalikuwa mazuri, yale machache niliyopata kuyauliza.

Nimelia chooni. Si sana. Nikanawa nikarudi kwenye mizani.

Jina la Simiyu halikuwepo kwenye orodha ya mtihani mchana huu. Dkt. Moraa anasema ofisi ndiyo inayoongeza majina na ofisi ina foleni yake. Orodha inafungwa Jumatatu. Nimepiga ofisini mara tatu, wakaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema mwanafunzi mwenzake. Wakaangalia, wakasema mimi simo kwenye kozi hiyo.

Ijumaa, 28 Novemba

Jina bado.

Nikikaa kufikiri kwamba nimesema ukweli na bado anaweza kukosa mtihani, naona giza. Kukiri kumenisaidia mimi. Yeye bado ananing'inia. Nimemwandikia Dkt. Moraa tena, mistari miwili, bila kujitaja. Namba ya usajili ya Simiyu na tarehe ya kufungwa kwa orodha, basi.

Jumanne, 2 Desemba

Saa saba. Hakuna darasa kwangu tena, hata hivyo nilipanda juu ya magunia na kukaa. Mazoea.

Nimefungua orodha ya mtihani, iko wazi kwa kila mtu. Nimesoma polepole kutoka juu. Simiyu yumo, wa kumi na nne. Nimelisoma jina lake mara mbili, jina la baba pia.

Nikampigia. Nilitaka tu kujua kama ameona, pengine mtandao umemnyima. Akapokea Mama Nafula. Sauti yake haikuwa ile ya siku ya kuku. Hakuniuliza hali.

"Mwalimu anasoma," alisema. "Amesema asisumbuliwe mpaka mtihani uishe."

"Basi asante, mama. Usimwambie nimepiga."

"Sitamwambia."

Nimeweka simu mfukoni. Chini kuna lori kutoka Naitiri, dereva ameshafungua turubai na ananitafuta kwa macho. Nimeshuka kumpimia.