Safu za Gerezani

Kuze, Mombasa
Mei 1996

Kwa Ami Mbarak, shikamoo.

Umeandika kwamba Baba "anajisahaulisha ili aonewe huruma." Ami, ni wewe uliyekuwa ukimrudisha kutoka Feri akipotea, kabla hajakuuzia nyumba aliyokwisha kumuuzia jirani. Alisahau. Ukamshitaki, akafungwa.

Huku hatujambo. Mvua imeharibu dari ya jikoni.

Gerezani wafungwa huchuchumaa kwa safu wahesabiwe. Baba akiziona safu husimama kukimu sala, kama alivyozoea msikitini, na hesabu huvurugika. Mfungwa mwenzake Kavumbi, Mkristo wa Kaloleni aliyefungwa kwa wizi, humvuta shati: "Imamu hajaja, mzee. Keti tumngoje."

Baba huketi akinung'unika, "Imamu gani mvivu hivi."

Kavumbi ndiye anayemwogesha pia. Jana aliniambia, "Dada, Ijumaa natoka. Nikiondoka askari watamkalisha kwa rungu." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikapika.

Hasira ninazoziandika magazetini zimeniishia. Wewe na wanao nendeni mahakamani kabla ya Ijumaa, mkamwambie hakimu kwamba mlijua anasahau.

Mwana wa nduguyo,
Zuhura