Kikwembe cha Kijani

Papa Edmondi,

Jana walitoa kilio chako, wakamaliza matanga. Fanfari ilipiga tarumbeta, watu wakala. Nakuandikia kwa sababu pale hakuna aliyenipa nafasi ya kusema, na moyo umenijaa.

Mutoto wako mukubwa, Patrice, alinifuata na kikwembe, kitenge chenye picha yako. Cha familia kilikuwa cha bluu, changu cha kijani. Nikamuuliza, "Hii ya kijani njo ya nani?" Akajibu kwa heshima, "Ya wale Papa alisaidia, Mama Faida."

Mimi! Mimi wa kusaidiwa!

Kisha yule wa maikro akasoma maisha yako: tajiri mwenye huruma, baba wa mayatima, mutu aliyekuta wanamama wa Kalemie wanaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye mchanga, akawafundisha kuanika juu ya vichanja. Makofi. Papa Edmondi, wewe ulifika hapa na viatu vya Lubumbashi, unaziba pua! Mimi nilikuwa nimeshashona nyavu kuukuu juu ya miti miaka mitatu, kwa sababu wanunuzi walichoka kutafuna mchanga, na mvua moja ilitosha kunilaza njaa juma zima. Vichanja sita. Ulivizunguka mara mbili, ukauliza, "Tukiweka mia mbili je?" Tukapatana: feza yako, akili yangu, nusu kwa nusu. Nikataka tuandike. Ukacheka: "Sisi ni ndugu, Mama Faida, karatasi ya nini?" Nami, ninayehesabu magunia kwa macho tu, nikakubali kicheko mahali pa sahihi.

Vichanja vikazaa mashua nne, mashua zikazaa depo, depo ikazaa shule na dispensere zenye jina lako. Nusu yangu ikawa bahasha ya Noeli, na foto yako juu yake.

Ulilipa opereshoni ya binti yangu Zawadi. Hiyo nayo naihesabu, sitaiba hata kwa maiti. Lakini ungetoa haki yangu, ningemulipia mwenyewe.

Sasa Patrice anasema uwanja wa kuanikia ni wa fondasio, lile shirika la jina lako. Atakayebaki lazima atie sahihi kwamba alipewa nafasi kwa wema wako. Mimi nilirudisha kalamu. Zawadi, anayeanika pamoja nami, aliichukua. Akasema, "Mama, mimi kweli alinisaidia." Papa Edmondi, nikamuacha atie sahihi.

Basi leo nimekata miti mipya ng'ambo ya mto Lukuga, peke yangu, na mugongo huu wa miaka hamsini na tisa.

Lala huko. Kaburini kwako sitakuja, usiningojee. Ila nakuahidi hili: kichanja cha kwanza nitakachosimamisha ni cha Zawadi. Sitamwita. Siku atakapochoka kusema asante atakikuta, na nyavu zimeshashonwa.

Mama Faida