Aliyoyasema Babu kwa Mgeni

Shambani kwa Babu,
Nordahl, Wisconsin.
Mei 12

Mpendwa Dada Odessa,

Pokea salamu za sisi uliotuacha huku kwenye baridi, ingawa baridi yenyewe imelegea na sasa tope ndilo linalotawala. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na ile miguu iliyokuwa ikikuvimba kwa kusimama kazini kutwa, imepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Mama bado ana zamu zake katika nyumba ya wazee, na bado anagombana na mpishi kuhusu chumvi kwenye supu. Ng'ombe wamezaa vizuri mwaka huu. Babu kimwili ni mzima, anakula na kutembea, ila kumbukumbu ndiyo inayomtoka. Siku nyingine huniita kwa jina langu tangu asubuhi. Siku nyingine huniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, na mimi huitika.

Tulipoongea kwenye simu uliniuliza kuhusu yule askari, nikakujibu kwamba Babu alipiga simu kwa makosa. Sikukudanganya, Dada, ila nilikupa mfupa nikabaki na nyama. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hunyamaza. Wanijua.

Unajua pia kwamba mambo ya mji huu wa Wazungu sisi wawili tuliyapokea kila mtu kwa namna yake. Mimi nilikuja hapa nikiwa wa kubebwa, baada ya Baba kufa kwenye ajali ya lori lake na Mama kurudi kwa baba yake, kwa hiyo sikujua mji mwingine. Wewe ulikuja na miaka saba yako na akili zako zote. Nakumbuka kwenye basi la shule yule mtoto wa kina Lunde alipotuuliza kama ng'ombe wa kwetu wanakamuliwa maziwa ya chokoleti, basi zima likacheka. Mimi nilitazama dirishani. Wewe ukamjibu kwamba ndiyo, na wa kwao wanakamuliwa maji, ndiyo maana baba yake alirudishiwa madumu ya maziwa. Uliadhibiwa wiki nzima. Wale bibi wa kanisani waliokuwa wakitushika nywele bila kuomba, mimi niliinamisha kichwa wakazishika, wewe ukawashika na wao zao. Mpaka leo wanasimulia.

Na najua ni nini kilichokuuma kuliko basi na kuliko kanisa. Ni Babu. Mimi alinifundisha kuendesha trekta nikiwa nimeketi mapajani mwake. Wewe alikuwa akikupisha njia, mpole, mwenye adabu, macho yake yakiangalia viatu. Siku uliyomaliza shule alikupa mkono kama anavyompa mkono mnunuzi wa maziwa. Siku ya kuondoka uliniambia, "Wendell, wewe ni mjukuu wake. Mimi ni mgeni aliyekaa sana."

Sasa nikueleze la askari. Ilikuwa alasiri, Mama yuko kazini. Ng'ombe mmoja alikuwa anazaa na ndama alikaa vibaya tumboni, ikabidi niingize mkono mpaka begani kumgeuza. Tulihangaika mno, lakini ndama alitoka hai, akapiga chafya, mama yake akaanza kumlamba. Nikatoka zizini kwenda kunawa, damu imenijaa mikono yote na kifua. Babu alikuwa dirishani jikoni. Siku hiyo haikuwa ya jina langu wala ya jina la kaka yake. Alichokiona ni mtu mweusi, mkubwa wa mwili, mwenye damu, anakuja kwenye nyumba yake. Akapiga simu.

Askari aliyekuja ni mgeni wilayani, kijana mwenye masikio mekundu. Alishuka garini mkono wake ukiwa juu ya bastola. Aliniamuru ninyanyue mikono nipige magoti, nikapiga magoti pale pale kwenye tope. Nilimwambia kwamba naishi hapa. Akasema wote husema hivyo. Nikamwambia kitambulisho changu kiko jikoni, juu ya friji, akasema nisijitikise. Dada, nimepita uwanja ule tangu nikijifunza kutembea. Nilitazama kiatu chake nikawaza kwamba Mama atarudi kutoka kazini akute taa za gari la polisi, na kwamba damu ya ng'ombe na ya mtu rangi yake ni moja, hatajua ipi ni ipi.

Hapo ndipo Babu alipotoka. Alikuja na soksi tu, akikanyaga tope kama hana habari nalo, akasimama kati yetu.

"Kijana," akamwambia, "toa mkono wako hapo. Nimekuita unisaidie kujua huyu ni nani. Sikukuita umpigishe mtu magoti uwanjani kwangu."

Askari akamuuliza kama ananifahamu. Babu aligeuka akanitazama, akanitazama sana, nami nikamwomba Mungu jina langu limjie. Halikumjia.

"Simfahamu," akasema. "Lakini angalia mikono yake. Huyu ametoka kumzalisha ng'ombe wangu. Mwizi hazalishi ng'ombe."

Askari aliita kituoni kwa redio. Aliyepokea ni Bi. Arlys, unamkumbuka, aliyekuwa akitugawia biskuti baada ya ibada. Sauti yake ilisikika uwanja mzima. Alimwambia kijana yule kwamba huyo aliyepiga magoti ni Wendell Gaines, mjukuu wa mwenye nyumba, na amwinue upesi kabla yeye Arlys hajaja kumwinua mwenyewe. Kijana akanyoosha mkono anisaidie. Niliinuka bila kuushika. Aliomba radhi, nikaipokea kwa kuitikia kwa kichwa tu. Baadaye nilikaa na hasira siku nyingi, na bado sijaimaliza. Naiandika hapa ili usidhani mdogo wako amegeuka malaika.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu.

Askari alipoondoka, Babu alinikaribisha ndani. Ndiyo, alinikaribisha, kama mtu anavyomkaribisha mpita njia. Akanionyesha mahali pa kunawa, akanipa taulo la wageni lile ambalo Mama hatuachii tuliguse, akanimiminia kahawa na kunikatia kipande cha mkate wa viazi. Nilikuwa nataka kumwambia, Babu, ni mimi. Nikaogopa kumtia aibu. Basi nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mgeni.

Alininong'oneza kwamba nisimwone mtu mbaya kwa kuita askari. Akasema ana wajukuu wa rangi yangu, wawili. Wa kiume yuko hapa hapa, ni mkamuaji hodari ila hasemi sana. Nilicheka, naye akafurahi kwamba nimecheka. Kisha nikamuuliza kuhusu yule mwingine. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Alikizungusha kikombe chake mezani. Akasema huyo ndiye wa kwanza, msichana. Binti yake alipoolewa na mtu mweusi wa Milwaukee yeye hakwenda harusini, kwa sababu aliogopa watakavyosema wanaume wenzake kule wanakopeleka maziwa. Mtoto alipozaliwa akapelekewa picha, akaiweka kifudifudi. Hakwenda kumwona. Mtoto akakaa, akatambaa, akatembea, akaota meno, akayang'oa, na yeye hakwenda. Mpaka mkwewe alipokufa, binti yake akarudi nyumbani na watoto, na yule msichana akashuka garini akampa mkono na kumwambia, "Shikamoo Babu, mimi ni Odessa." Hakumwogopa wala hakumnunia.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza:

"Yule wa kiume alikuja akiwa mdogo, hakujua kitu. Lakini msichana, kila nikimtazama niliona ile miaka saba. Nikashindwa kumtazama. Ana mdomo kama wa mama yangu, unajua? Angekuwa mtu wa kunitukana ningepata pa kuanzia. Alikuwa na adabu, nami nikakosa pa kuanzia mpaka akaondoka."

Kisha akaniuliza kama mimi nina watu kwetu, na kama wanajua niko wapi. Nikamwambia ninao.

Mama aliporudi nilimweleza. Aliketi na koti lake bado mwilini. Akasema ni kweli yote, na kwamba siku ile ya kurudi alimwapisha Babu kwamba neno hilo sisi tusilisikie kamwe, maana hakutaka watoto wake wakulie kwenye nyumba huku wakijua kwamba iliwahi kuwafungia mlango. Alidhani anatulinda. "Kumbe nilimfunga mdomo," akasema, akalia kidogo, kisha akaenda kumvua Babu zile soksi za tope.

Basi Dada, hilo ndilo. Babu hakuniambia mimi, alimwambia mgeni, na kesho yake alikuwa hakumbuki mgeni wala kahawa. Pengine nimekosea kulibeba nikakuletea. Lakini umeishi miaka yote hii ukidhani ulikosa kitu fulani cha kupendwa, na mimi siwezi kujua kweli nikaacha uendelee kudhani hivyo. Hukukosa kitu. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako, na wala sikuombi uje. Kama hutaki kumwona tena nitaelewa, na sitaliuliza tena.

Nisalimie shemeji na umwambie deni la karata halijafutwa. Mama anakusalimu sana, anasema atakupigia Jumapili, usimfokee. Yule ndama ni jike, ana madoa usoni, naye ni mbishi ajabu.

Babu amepita hapa sasa hivi akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, Odessa. Leo jina lako limemkaa. Alisimama nyuma ya kiti changu, mkono begani kwangu, kisha akasema nikwambie kwamba barabara imeshaondolewa theluji, unaweza kupita. Nje theluji ilikwisha zamani, ng'ombe wapo malishoni na mitufaa imetoa maua. Nimemwambia nitakwambia.

Mdogo wako akupendaye,
Wendell