Mechi Nzima za Haitham

Salim, ndugu yangu,

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Sijalia bado. Watu wananitazama wakingoja nilie, nami nawauliza kama wamekunywa chai. Duka lako la viungo pale Al Ras linafunguliwa saa zile zile. Mkeo Zuwena yumo edani. Salamu zake naletewa na binti yangu.

Nakuandikia kwa ajili ya mwanao. Haitham amebakisha mwaka mmoja chuoni huko Marekani, naye anataka kuuacha, aingize jina lake ili timu za kulipwa zimchague. Akishaliingiza na muda wa kuliondoa ukapita, harudi tena kuchezea chuo, na ada anayolipiwa kwa ajili ya mpira wao ule wa kushikwa mkononi inakatika. Mwisho wa kuliingiza ni Ijumaa. Nilipomuuliza nani kamshauri, alisema, "Ami, si wewe? Baba kaniambia umesema nitafika."

Nilisema, kweli. Ulinishika mkono pale hospitali ukaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma kule, mchezo wao unaujua. Mtoto atafika?" Nikajibu, "Atafika, bila shaka." Sikuwa nimetazama mechi yake hata moja nzima.

Tulichokuwa tukitazama ni vipande alivyotutumia mwenyewe kwenye simu. Haitham kapewa mpira mkononi, kapenya katikati ya majitu, huyo! Nawe ukipiga kelele dukani, "Mwone! Kama kapakwa mafuta!" mpaka wapagazi wanasimamisha mikokoteni. Salim, wewe hukununua karafuu maishani mwako bila kuchoma bambo mpaka tumboni mwa gunia uzione za ndani. "Mdomo wa gunia hupambwa," ukiwaambia wateja. Na mimi mwalimu, niliyewakataza wanafunzi kujisahihishia mitihani, nikakaa pembeni yako nikipiga makofi.

Baada ya khitma nilimwomba mechi kamili. Alinitumia nne. Nilizitazama hapa nyumbani Al Twar, asubuhi baada ya chai, daftari mbele yangu.

Nikueleze nilichokiona. Mkimbiaji, na hiyo ndiyo kazi ya mwanao, hapewi mpira kila mara. Mara nyingi mpira unabaki kwa mrushaji, na hapo kazi ya mkimbiaji ni kusimama mbele yake na kumzuia adui anayekuja kumvunja mbavu. Haitham hazuii. Anainamisha bega, anafumba macho, mtu anapita. Kwenye timu za kulipwa, kocha hamchezeshi kijana wa namna hiyo, hata akikimbia kama upepo. Lakini pia niliona kwamba nafasi anaiona kabla haijafunguka, na hilo halifundishwi. Kuzuia kunafundishwa. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba mwaka uliobaki anauhitaji.

Juzi nilimpigia nikamwambia yote, pamoja na kwamba nilikujibu bila kutazama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulimdanganya baba."

"Ndiyo."

"Na kafa anaamini."

"Ndiyo, mwanangu."

Akakata simu. Nilikaa nayo mkononi nikasahau kuiweka chini. Moyoni sikuona kitu, si aibu wala huzuni. Binti yangu ndiye aliyeniondolea simu mkononi.

Leo asubuhi amepiga. Hakusalimia. "Sawa, nabaki. Sasa nifundishe. Miguu niiweke vipi nikitaka kuzuia?"

Unajua nilivyo, ningeweza kumpa somo la saa nzima. Nilikwishafungua mdomo. Nikamwambia, "Sijui, Haitham. Nimeutazama tu mchezo huo, sikuucheza. Muulize kocha wako, halafu unieleze na mimi."

Alicheka kidogo, kicheko chako kile cha puani. Nikalazimika kukaa.

Nisamehe, ndugu yangu. Ulipouliza, nilitaka ulale. Mechi zake nitazitazama zote, tangu mwanzo hadi mwisho, hata siku atakazokaa benchi, na Zuwena akiniuliza nitamwambia nilichokiona, basi.

Pumzika, Salim. Sijui kama atafika. Hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa.

Nduguyo,
Mwalimu Said