Kufuata Muhuri kwa Baiskeli

Jumamosi, 12 Desemba 1970

Nimeamka saa kumi na moja. Sala, chai ya rangi, shati la kupiga pasi. Saa mbili nilikuwa nje ya afisi ya pasi za kusafiria, hapa Muscat, Omani. Zamu yangu ilifika saa tano.

Karani amesoma karatasi zote, amezirudisha. Imekosekana moja: hati ya sheikh wa kabila, yenye muhuri wake, kuwa marehemu baba yangu ni mtu wao. Bila hiyo Mama na Rahma hawawezi kuingia. Majina yanafungwa Jumatatu ya tarehe 21. Fungu jingine lini? Hajui.

Mama na dada yangu wako Dar es Salaam, chumba cha watu. Miaka sita sasa ya vyumba vya watu, tangu tutoke Unguja. Mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo sijui watalala wapi. Naogopa kuandika zaidi.

Jumapili, 13 Desemba

Sheikh anakaa kijiji cha babu zetu, ndani ya wadi, bonde la mto mkavu, kabla ya kufika Qurayyat. Sijafika huko. Baba pia hakufika.

Nimekwenda Matrah kutafuta gari. Landrova ya Qurayyat imevunjika ekseli. Nyingine itaondoka ikijaa, labda siku kumi. Punda, siku tatu kwenda tu.

Shangazi Zuwena, ninayekaa kwake, ana baiskeli ya marehemu mumewe imesimama uani. Nimemwomba. Amecheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

"Hiyo utaipanda wewe au itakupanda yenyewe? Kule si Darajani, we mwana. Nnakwambia kule ni mawe matupu."

Nimemwambia sina njia nyingine. Ameacha kucheka. Hilo limenitisha kuliko maneno yake.

Jumatatu, 14 Desemba

Ruhusa kazini: siku sita. Mkubwa wangu ameandika tarehe ya kurudi na kuipigia mstari.

Nimeifungua baiskeli yote. Nimeiosha kwa mafuta ya taa. Cheni na gurudumu la nyuma nimevitia mafuta ya nazi, kama alivyofanya Baba kila mwezi. Ni mafuta ya nywele ya Shangazi. Amelalamika, kisha akanimiminia mengine.

Kwenye keria: viraka, pampu, spana mbili, tende, mkate, mtungi wa maji, blanketi. Karatasi za baba nimezifunga ndani ya mfuko wa mpira, kifuani.

Muuza samaki wa Qurayyat ameniambia njia. Fuata wadi. Ukiona wadi mbili, shika yenye mitende. Nimeuliza kama kuna hatari. Akasema, "Mvua." Nikatazama juu. Hakuna hata wingu.

Jumanne, 15 Desemba

Naandika kabla ya isha, katika msikiti mdogo wa wachunga mbuzi.

Nimetoka alfajiri. Mpaka Ruwi, njema. Ndani ya Wadi Adai, njia ikaisha. Nasema njia, ni alama za magurudumu ya Landrova juu ya kokoto. Kwanza kokoto kama mayai. Halafu kama maboga. Gurudumu la mbele linakwenda linakotaka. Nimeanguka mara nne. Kiwiko cha kulia kimechubuka. Viganja havina hisia.

Pancha mbili kabla ya adhuhuri. Mwenye punda mmoja alisimama kunitazama nikijaza upepo. Akaja, akabonyeza mpira kwa kidole, akatikisa kichwa, akautoa upepo nusu. Alikuwa sahihi. Mpira laini unashika kokoto.

Mlimani nimeibeba begani. Shangazi alisema kweli, imenipanda.

Sikuona mtu saa tatu nzima. Kuta za mawe pande zote mbili, na sauti ya cheni yangu inanirudia. Nilijikuta nasoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa. Mtu mzima. Hofu haina adabu.

Jumatano, 16 Desemba

Nataka kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi, baridi. Sijapata baridi kama ile. Nimepanda, nimekanyaga pedeli, zikazunguka bure. Gurudumu la nyuma halikushika. Nimetazama cheni: nyeupe, kama imepakwa mshumaa. Mafuta ya nazi yameganda. Kwetu hayagandi, nani angefikiri? Meno ya ndani ya gurudumu yamenata ndani ya mafuta.

Nikasukuma. Nikaingia mahali ambapo wadi inabana, upana kama uchochoro wa Mkunazini kwetu Unguja, kuta juu sana. Huko nikaona mchanga safi wenye jua kidogo. Nikalaza baiskeli ili mafuta yayeyuke. Nikakaa. Nikala tende. Mbingu buluu juu yangu. Hili ndilo kosa langu kubwa: nilikuwa natazama mbingu ya juu yangu.

Mwanamke mwenye mbuzi alitokea juu ya mwamba. Akapiga kelele kwa Kiarabu: panda, panda! Nikadhani ananifukuza kwa sababu yuko peke yake. Nikainamisha macho kwa heshima. Akanirushia jiwe. Likanipata mguuni.

"We mwendawazimu! Maji!"

Nikayasikia. Kama lori linamwaga kokoto, mbali, halinyamazi. Nikaibeba baiskeli. Ningeiacha, lakini mikono haikuachia. Nikapanda kwa magoti. Sijui kwa muda gani. Nilipogeuka, mchanga niliokaa haupo. Maji ya kahawia, magogo, mbuzi mmoja tumbo juu.

Mvua ilinyesha milimani usiku, mbali kabisa. Mimi sikuona tone.

Mwanamke alinitazama nikikagua karatasi kifuani. Akauliza natoka wapi. Nikasema Zinjibari. Akasema, "Basi huko hamna mama wa kuwafundisha?" Akaenda zake na mbuzi wake.

Maji yalipopungua ilikuwa alasiri. Jua limeyeyusha mafuta, gurudumu limeshika. Mtungi umekwenda, blanketi limekwenda. Karatasi kavu. Nimefika kijijini magharibi. Wamenipa wali na mahali pa kulala. Hawajaniuliza nimefuata nini.

Alhamisi, 17 Desemba

Sheikh ni mtu wa miaka arubaini, mnene, mwenye haraka. Nimetaja ukoo: mimi Nassor bin Salum bin Hamed bin Suweid. Suweid ndiye aliyekwenda Unguja.

"Kila wiki anakuja mmoja kutoka Afrika," amesema. "Wote jamaa zetu." Watu wakacheka.

Akamgeukia Khalfan, mwenye bustani kubwa kuliko zote, anayejua nasaba za kijiji. Khalfan hakunitazama usoni. Akasema Suweid hakuacha mtu. Sheikh akainua mikono. Basi.

Nilitoka nje. Akilini nilimwona Mama na mabunda yake barabarani. Nilimwona wazi.

Alasiri nilikwenda kutawadha kwenye falaji, mfereji wa maji wa kijiji. Mgawaji wa maji alikuwa anapima kivuli cha kijiti chake. Kila nyumba ina zamu. Kivuli kilipofika alama akapaza sauti: "Maji ya Suweid!"

Aliyekwenda kufungua mlango wa maji ni Khalfan. Maji yakaingia bustani yake.

Sasa nimeelewa kwa nini hanijui: akinijua, zamu hiyo ni yetu. Baba alikuwa akisema, huko kwetu tuna maji yetu, hayauzwi wala hayasahauliwi. Tukidhani ni hadithi za wazee.

Nikisema neno, nitakuwa na adui hapa, na shauri litachukua miaka. Nina siku moja.

Ijumaa, 18 Desemba

Baada ya sala nimesimama mbele ya sheikh na Khalfan. Nimesema: sikuja kutafuta maji. Nimekuja kutafuta muhuri.

Sheikh akaagiza karatasi na wino.

Nimeandika kwa mkono wangu, tunaacha maji ya Suweid, mimi, mama yangu na dada yangu, leo na kesho. Nimetia sahihi tatu. Mbili si zangu. Hawakunituma. Haki ya mtu huwezi kuiacha bila idhini yake, najua, nimesomeshwa hivyo chuoni.

Khalfan ameisoma mara mbili. Ameikunja. Kisha akanikumbatia, akanibusu bega, akawaita watu.

"Mwana wa ami yangu! Tazameni pua, si pua ya Suweid hiyo?"

Sheikh ameandika hati na kuigonga muhuri. Khalfan amenipa kikapu cha tende, halwa na blanketi. Nimevipokea. Nimeona aibu na nimevipokea.

Jumapili, 20 Desemba

Nimefika Muscat. Nimepita juu, kwa njia ya mbuzi, nikibeba zaidi ya kuendesha. Kila palipobana nimesimama, nimesikiliza mpaka masikio yakavuma. Shangazi amenikanda miguu kwa maji ya chumvi. Hakufanya mzaha hata mmoja.

Jumatatu, 21 Desemba

Karani ameutazama muhuri kwenye mwanga. Akauliza, "Ulipita wapi na wadi imeteremsha maji?" Nikasema, "Juu." Ameandika majina mawili. Nimemwomba nisome. Yako sawa, herufi zote.

Jumatano, 23 Desemba

Nimepumzika. Kiwiko kinapona.

Nimeandika barua kwa Mama. Ya kwanza ilikuwa na habari za maji. Nimeichana. Ya pili pia. Ya tatu inasema majina yamepita, chukueni nguo za baridi, jamaa wa kijijini wanawasalimu. Hiyo nimeitia posta.

Rahma atauliza kuhusu kijiji. Tangu mdogo yeye ndiye aliyekuwa akimwuliza Baba, maji yetu ni mengi kiasi gani?

Jioni nimefagia chumba cha nyuma. Vitanda viwili vinaenea, vikibanana.