Ansbert na Jino la Baba

Temeke, Dar es Salaam
6 Juni 1955

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Gozbert anakusalimu sana. Watoto wamepona surua, na mdogo ameanza kusimama kwa kushika kiti. Kahawa ya kutafuna uliyotuma ilifika salama, tukawagawia na majirani.

Habari kubwa ni ya mwanao Ansbert. Safari hii amekubaliwa katika chuo cha uganga wa meno, na ataanza mwezi wa Agosti. Najua utapiga vigelegele, lakini tulia kwanza nikusimulie, maana mdogo wangu huyu amenifundisha mambo.

Mwaka jana alipokataliwa sikumsikia akimlaumu mtu. Alirudi dukani kwa tajiri yake, Bwana Akbar, akaendelea kuuza misumari na rangi. Ila kila Jumamosi alasiri alikwenda hospitali kujitolea, akishika taa na bakuli watu waking'olewa meno. Hapa mtaani walimcheka. Yeye alikuja kunieleza habari za magego kama mtu anayesimulia harusi.

Wakati wa kuomba tena ulipofika, alitakiwa aandike upya yale maelezo ya mwombaji: yeye ni nani, na kwa nini anaitaka kazi hii. Aliitoa ile karatasi ya mwaka jana, akaiongezea maneno mazito zaidi, kisha akamwomba Bwana Akbar ampigie taipu. Mzee yule aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akamwambia, “Ansbert, humu nimemwona Malkia, na Serikali nimeiona. Wewe sijakuona.”

Mwingine angenuna. Ansbert aliichana karatasi, akaja moja kwa moja kwangu kuniomba nimhadithie siku za mwisho za baba, kwani yeye alikuwa mdogo mno, nami ndiye niliyemuuguza pamoja nawe. Nilimweleza yote niliyoyakumbuka: jino lililoanza kumuuma wakati wa kuchuma kahawa, shavu likavimba, shingo ikawa ngumu kama gogo, hata mdomo haukufunguka vizuri tena. Alisikiliza bila kunikatiza. Kesho yake akaenda kumwuliza daktari wa meno pale hospitali.

Maelezo mapya aliyoandika baada ya hapo hayakujaza hata ukurasa. Alisema tu kwamba baba yake alikufa kwa jino, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuling'oa. Bwana Akbar aliyapiga taipu asibadilishe hata nukta. Ansbert alipoitwa kuhojiwa, Mzungu mmoja alimwuliza kama ameandika hayo ili aonewe huruma. Akamjibu, “Sitaki huruma, bwana. Nataka kujifunza kung'oa.” Wakampa nafasi.

Mama, nimezunguka kwa sababu naogopa kulifikia neno lenyewe. Hapa soma ukiwa umekaa, na usome peke yako. Daktari alimweleza Ansbert kwamba usaha wa jino lile ulishuka chini ya taya, ukaziba njia ya pumzi. Huo ndio uliomuua baba. Hakulishwa sumu. Shangazi Tekla alileta uji siku ile ya mwisho kwa sababu kaka yake hakuweza kutafuna, nasi tukasema ni uji uliomuua. Miaka yote hii anakaa benchi la nyuma kanisani peke yake, na watoto wanakatazwa kupokea hata ndizi mkononi mwake. Najua si wewe uliyeyaanzisha maneno yale, mama. Lakini hatukuyazuia.

Ansbert hakuzitia habari za shangazi katika maelezo yake. Nilimwambia kwamba zingewagusa wakubwa wale. Akanijibu, “Hilo si la wageni, dada. Hilo tutalisema nyumbani.” Nilimtazama, nikaona, mama yangu, ulinizalia mdogo ambaye amenipita kwa utu uzima.

Mwisho wa mwezi huu atapanda gari la moshi mpaka Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Hatafikia kwako kwanza. Atakwenda kwa shangazi, apige magoti, aombe radhi kwa ajili ya nyumba yetu nzima. Hakutaka nikulazimishe, wala mimi sina ubavu huo. Anaomba tu kwamba atakapofika, akukute wewe umeshaketi pale.

Nisalimie mdogo wangu Yustina na wote wa hapo nyumbani. Na kwa shangazi Tekla, naomba shikamoo yangu uipeleke kwa mdomo wako mwenyewe.

Mimi mwanao nikupendaye,
Auleria